Maji Yakitoka Kijani

Alois wa Matombo alikuwa mtu safi, na usafi huo ndio uliomponza. Wengine balaa huwajia kwa uvivu. Yeye aliifuata kwa bidii yake mwenyewe, asubuhi na mapema, ndoo mkononi.

Kazi yake mjini Morogoro ilikuwa moja tu: kuitunza motokaa ya Bwana Sharubu. Ndivyo watu walivyomwita yule Mjerumani mwenye shamba la mpira, kwa ajili ya masharubu yake aliyoyapaka nta na kuyasokota ncha zikatazama juu. Motokaa ilikuwa imeshushwa kwenye treni miezi minne iliyopita. Rangi yake ilikuwa kijani kilichokolea, na juu ya kijani hicho ilipakwa vanishi, tabaka juu ya tabaka, iking'aa hata mtu anaogopa kuipumulia. Watu wazima walitoka Kichangani kuja kuitazama tu, wakatikisa vichwa, wakarudi makwao.

Jumatatu Bwana alipanda treni kwenda Dar es Salaam, akasema atarudi Ijumaa. Kabla ya kuondoka alipitisha kidole kwenye boneti, akamwonyesha Alois vumbi jekundu lililobaki kidoleni.

"Mimi narudi, hii safi," alisema kwa Kiswahili chake cha amri. "Safi sana. Unasikia?"

"Nasikia, Bwana."

Alisikia, tena vizuri mno. Kwao milimani, chombo kikitakiwa kiwe safi sana hakioshwi kwa maji matupu. Hupelekwa mtoni kikasuguliwa kwa mchanga na gome la mgomba mpaka kiseme. Alois alikuwa amesugua masufuria ya mapadri wa Matombo tangu yuko mdogo, na kwa kazi hiyo alisifiwa mbele ya watu. Basi Jumanne alfajiri akateremkia mto Morogoro, akachota mchanga laini kabisa, ule wa chini ya mawe, akakunja gome lake, akaisugua motokaa ya Bwana Sharubu kama alivyofundishwa na mama yake. Boneti yote. Milango yote miwili. Alikuwa akiimba, maskini.

Wa kumlaumu nani? Hakuna aliyemwambia kwamba motokaa ina ngozi.

Maji yalipokauka na jua likatoka juu ya mlima, aliacha kuimba. Boneti ilikuwa imejaa mikwaruzo, myembamba kama nywele, maelfu kwa maelfu, ikizunguka na kupishana, na kila mmoja ulishika jua na kumrudishia machoni. Alipitisha kiganja, haikuondoka. Akapitisha kitambaa, haikuondoka. Akamwaga maji, ikapotea yote, akashukuru Mungu kwa sauti. Maji yakakauka, ikarudi yote.

Pazi, mpishi wa nyumba ile, mtu wa makamo aliyewatumikia Wazungu tangu walipokuwa Bagamoyo, alitoka jikoni na mwiko wake. Aliitazama motokaa, akamtazama Alois, kisha akatazama pembeni.

"Mimi sikuona kitu," alisema. "Nilikuwa nachambua mchele."

"Kaka Pazi, nifanye nini?"

"Unamkumbuka Andrea?"

Nani asiyemkumbuka? Andrea ndiye aliyeshika kazi hii kabla ya Alois. Siku moja aliacha komeo la banda liikwaruze motokaa ubavuni, mkwaruzo mmoja, urefu wa kidole cha shahada. Alipelekwa boma akalazwa kifudifudi, akala hamsa ishirini, viboko ishirini na vitano, na kila kiboko kilipotua askari alikihesabu kwa sauti. Baadaye alitiwa mnyororo, na mara ya mwisho alionekana Ngerengere akivunja mawe ya njia ya reli. Mkwaruzo mmoja. Alois alijaribu kuhesabu wa kwake, akafika arobaini kabla hajamaliza eneo la kiganja, akaacha.

Kutoroka alikuwaza, asiseme mtu kwamba hakuwaza. Lakini atorokee wapi? Matombo kuna jumbe, na jumbe ana wapelelezi wake. Na wakimkosa yeye watamchukua mkewe, Yuliana, wamweke boma mpaka mume ajitokeze. Ilishafanyika kwa wengine.

Yuliana alimkuta amejikunja bandani. Alisikiliza habari yote bila kumkatiza, akaisogelea motokaa, akaangalia kwa pembe ya jicho.

"Mama anaiweza hii," alisema.

Basi hapo Alois alipata hofu ya pili juu ya ile ya kwanza. Mama yake Yuliana, Scholastika, alikuwa mfinyanzi wa Mkuyuni, na vyungu vyake vilijulikana gulioni kwa ulaini wake. Lakini alikuwa mkwe. Kwa desturi ya ukoo wao, mwanamume na mama mkwe wake hawatazamani usoni, hawaketi jamvi moja, wala hawagusani hata kwa ncha ya kidole. Mmoja akimgusa mwenzake, wajomba huitisha kikao, na ndoa yenyewe huingia mashakani. Kwa miaka mitatu ya ndoa yake Alois alikuwa amemfahamu mama huyo kwa mgongo tu.

"Aje hapa nimwonyeshe ujinga wangu?"

"Utamwonyesha mama ujinga wako, au utawaonyesha boma mgongo wako," Yuliana alisema. "Mimi naelekea Mkuyuni. Ukae, usiiguse tena."

Alirudi Jumatano jioni na mama yake, wote wawili wamejaa vumbi hadi magotini. Scholastika alikuwa mwanamke mfupi, mikono mipana, amebeba kikapu kilichofunikwa jani la mgomba. Alois aligeukia ukuta. Mama naye alijitanda kanga usoni, akapita upande wa pili wa motokaa, na gari lile la Kijerumani likawa pazia lao.

"Shikamoo, mama," Alois aliuambia ukuta.

"Yuliana, mwambie mwenzio marahaba," mama alisema. "Na umwambie aniletee maji."

Walikuwa hatua nne mmoja na mwenzake, kila neno linasikika, na bado Yuliana ilimbidi asimame katikati akirudia kila kitu kama karani wa boma.

Scholastika hakugusa kitu. Alimwaga maji kwenye boneti, akatazama mikwaruzo ikipotea, akangoja maji yakauke, akatazama ikirudi. Alifanya hivyo mara tatu.

"Mwambie ana bahati," alisema mwishowe. "Maji yanaifunika. Basi ni mifereji ya juu juu, imeingia kwenye ngozi, haikufika kwenye nyama. Ingefika kwenye rangi, maji yasingeificha."

"Itafutika?" Alois aliuuliza ukuta.

"Mkwaruzo haufutiki, mwambie. Mkwaruzo ni shimo, na shimo hulifuti. Unaishusha ngozi yote inayolizunguka mpaka ilingane nalo. Na ngozi yenyewe si nene. Ukipita kiasi, umetokea upande wa pili."

Alois alijishika ukutani.

Alhamisi walianza jua lilipochomoza. Kikapuni mlikuwa na majani ya msasa, yale majani makavu yanayokwaruza kama ulimi wa paka, ambayo wafinyanzi na maseremala huyatumia kulainishia vyombo. Mama alikuwa ameyagawa mafungu matatu: mapya, yaliyokwisha kusugua vyungu kumi, na yaliyochoka kabisa. Yale mapya aliyarudisha kikapuni bila hata kuyajaribu. Aliyaloweka ya pili, akalikunja moja juu ya kipande cha ubao laini, akasugua boneti kwa mstari mmoja ulionyooka, kwenda na kurudi, huku Yuliana akimimina maji kidogo kidogo bila kukoma.

"Mwambie atazame maji," alisema. "Yakitoka meupe kama ya kuoshea mchele, ni ngozi inayoondoka, aendelee. Yakitoka kijani, aondoe mkono hapo hapo, hata kama kifo kinamwambia aendelee."

Basi Alois akawa na kitu cha kuogopa kila pumzi. Alisugua upande wake wa boneti, macho kwenye maji. Meupe. Meupe. Meupe. Kila mbayuwayu alipopita juu na kivuli chake kugusa maji, alinyanyua jani. Mikono yake ilikuwa na nguvu ya kubeba gunia, na sasa aliambiwa asisukume hata kidogo, aache jani lijiendee lenyewe. Ni kazi ngumu hiyo kwa mtu mwenye hofu, maana hofu hupenda kusukuma.

Kufika adhuhuri mikwaruzo ilikuwa imekwisha. Lakini mng'ao nao ulikuwa umekwisha! Boneti nzima ilifubaa, ikawa kama jicho lenye mtoto wa jicho. Pazi alichungulia kutoka jikoni, akashika kichwa.

"Mlimkuta mgonjwa, sasa mmemuua," alisema. "Salaale. Mimi nilikuwa nakuna nazi."

Alois alikaa chini. Alimwona Andrea. Aliona benchi la boma, na askari akitema mate viganjani. "Tumekwisha," alisema, safari hii si kwa ukuta wala kwa mtu yeyote.

"Yuliana," mama aliita, hata sauti haikupanda, "mwambie mwenzio chungu hakisifiwi kingali kibichi. Ainuke."

Alifungua fundo la kitambaa. Ndani yake mlikuwa na majivu ya pumba za mpunga, yamechekechwa kwa kitambaa cha buibui mpaka yakawa laini kuliko unga. Aliyachanganya na mafuta ya nazi, tena nazi ya Pazi yule yule ambaye hakuona kitu, akakiviringisha kipande cha blanketi kuukuu, akaanza kuzungusha mahali pamoja, duara ndogo ndogo, kwa subira ya mtu anayemsinga mwali. Akafuta. Chini ya kitambaa palikuwa pametokea kijani kilichokolea, chenye maji maji, kiking'aa kuliko siku ile motokaa iliposhushwa kwenye treni.

Alois alitaka kulia. Kwa kuwa haikumpasa kumshukuru mkwe uso kwa uso, aliushukuru ukuta mara tano.

Ijumaa ikabaki milango, na treni ilikuwa ya saa nane. Mama alishika mlango wa kushoto, Alois wa kulia. Meupe, meupe. Karibu na kitasa palikuwa na mkwaruzo mmoja mzito kuliko mingine, pale alipokuwa ameibana punje kubwa ya mchanga. Alipitisha jani, ukabaki. Akapitisha tena. Jua lilikuwa limefika utosini, na masikio yake yalikwisha kuanza kuisikia filimbi ya treni ambayo haijapigwa. Akauacha ubao, akatia kidole juu ya jani, akasukuma.

Maji yakatoka kijani.

Aliondoa mkono kama aliyegusa kaa. Lakini palikwisha kuwa na doa, ukubwa wa ukucha wa kidole gumba, kijani kimepauka na katikati yake kijivu kinachungulia.

"Yuliana," alisema. "Mwambie mama."

Hakukuwa na haja ya kuambiwa. Scholastika alizunguka, Alois akageuka upesi akatazama migomba, na mama akainama kitasani kwa muda mrefu. Hakumtukana. Heri angemtukana. Alikwangua masizi ya sufuria, akayaponda na utomvu wa kisamvu na nta ya nyuki, akayapashia moto, akapaka doa lile kwa ncha ya kijiti, akangoja ligande, akalilainisha kwa jani lililochoka kuliko yote.

"Ukitazama kwa mbali hapana kitu," alisema. "Ukitazama kwa karibu, pana kiraka. Mwambie asisimame hapo. Asipatazame. Jicho la mtu hufuata jicho la mwenzake."

Walipaka nta, wakafuta, wakamwaga maji machafu migombani. Filimbi ilipolia stesheni, kweli sasa, mama na Yuliana walikimbilia nyuma ya jiko, na Alois akasimama mbele ya banda, kofia mkononi.

Bwana Sharubu alikuja kwa miguu kutoka stesheni, mpagazi nyuma yake na sanduku. Hakuingia nyumbani. Alikwenda moja kwa moja bandani, akapitisha kidole kwenye boneti, akakitazama kidole. Hakikuwa na kitu. Akaizunguka motokaa taratibu, kiboko chake kinaning'inia kwenye kifundo cha mkono. Kushoto akapita. Nyuma akapita. Kulia akafika mlangoni, akasimama.

Akainama.

Alois alijikaza asitazame kitasa. Alitazama kiatu cha Bwana, akatazama ukuta. Bwana hakuinuka. Alikuwa ameinama pale pale, uso karibu na mlango, shingo imenyooka. Jogoo aliwika kwa jirani. Bwana akasogeza kichwa kulia kidogo, akakisogeza kushoto, kama mtu anayetafuta mahali jua linapoonyesha vizuri. Ameona. Basi ameona, Alois aliwaza. Anangoja niseme mwenyewe. Nikinyamaza atanipeleka boma. Nikisema pengine atanipiga yeye tu, hapa hapa, na Yuliana hataguswa. Akapiga magoti.

"Ni mimi, Bwana," alisema. "Ni mchanga. Sikujua. Nisamehe, ni mimi."

Bwana Sharubu akageuka. Kidole chake kilikuwa bado kwenye ncha ya sharubu, alikuwa akiisokota. Mtu mzima, alikuwa akijitazama! Mlango ulikuwa umekuwa kioo, naye alikuwa akirekebisha masharubu baada ya safari. Alois aliliona hilo, akalielewa, lakini maneno yalikwisha kutoka, na maneno si mbuzi utayarudisha zizini.

"Nini wewe?" Bwana alisema. "Mchanga gani?"

Angenyamaza tu. Angesema vumbi. Lakini hofu ikishamshika mtu ulimi, haimwachilii mpaka imemaliza yote. Alois aliinua mkono, kidole kikaanza kuelekea kitasani.

"Pale, Bwana..."

Mtu alitoka nyuma ya jiko akikimbia. Kabla kidole hakijanyooka, mkono mpana, uliokauka kwa udongo wa miaka mingi, ulimdaka Alois kifundo cha mkono ukakishusha. Scholastika alipiga goti mbele yake. Alimshika kichwa kwa mikono yote miwili, akamgeuza usoni kwake, akamtazama machoni. Alois alimwona mama mkwe wake kwa mara ya kwanza: macho madogo, mekundu kwa kukosa usingizi, na ndani yake hofu ile ile aliyokuwa nayo yeye.

"Homa, Bwana mkubwa," mama alisema bila kuachia. "Mkwe wangu ana homa ya baridi. Tangu jana anaweweseka. Anaona mchanga, anaona nyoka, jana alinililia ati nyumba inaungua. Mtazame anavyotetemeka. Mtazame jasho."

Bwana Sharubu alitazama. Alois alikuwa akitetemeka meno yanagongana, jasho linamtiririka mpaka kidevuni. Bwana alirudi nyuma hatua mbili. Hakuogopa mtu, lakini homa aliiogopa.

"Pazi!" alipaza sauti. "Lete kwinini! Na huyu ondoa karibu na motokaa yangu."

Akaingia nyumbani. Pazi alikuja na vidonge vitatu na kikombe cha maji, na safari hii hakusema alikuwa akipika nini. Alois alimeza.

"Bwana anasema," Pazi alinong'ona, "motokaa haijapata kung'aa namna hii. Anasema kuanzia sasa uioshe vivyo hivyo kila Jumamosi."

Scholastika alikuwa bado amemshika mkwewe kichwa, kana kwamba amesahau mikono yake ilipo. Alipokumbuka aliiondoa, akajifuta kwenye kanga, akakaa chini pale pale vumbini, vumbi likiwa jamvi lake na la mkwe.

"Wajomba watauliza, mama," Yuliana alisema polepole. "Watu wa jirani wameona. Tutawaambia nini?"

"Nilimshika mgonjwa. Mgonjwa hana mwiko."

"Lakini hakuwa mgonjwa."

"Mtazame," mama alisema.

Bwana alikwisha kuingia, kiboko kilikwisha kutundikwa, hatari ya siku ile ilikwisha kupita, na bado Alois alikuwa akitetemeka. Alijaribu kuizuia mikono kwa kuikalia, ikatetemeka mabega. Alijaribu kusema hajambo, meno yakamkata neno katikati. Kutoka ndani kiti kilisogezwa sakafuni, kiti tu, naye akaruka akasimama wima, kofia mkononi, kisha akarudi chini.

Yuliana alikwenda akaleta lile blanketi kuukuu walilosugulia motokaa. Lilikuwa linanuka nazi na majivu. Alimfunika nalo mumewe mabegani, chini ya jua kali la saa tisa, na Alois hakulikataa.